Picha elfu mbili, magoti mawili: kumpeleka mama National Gallery ya London

Msomaji wetu anayeishi Leicester, Uingereza, anauliza:

"Mama yangu ana miaka 72. Amekuja kutoka Tanga kukaa nami miezi miwili. Nataka siku moja nimpeleke London tukaone National Gallery, maana mimi mwenyewe napita nje yake miaka yote na sijawahi kuingia. Magoti yanamsumbua, Kiingereza chake ni cha salamu tu, na ni mtu wa swala tano. Mume wangu anasema nitamchosha bure, bora nimpeleke sokoni akanunue vitambaa. Nimefungua tovuti yao nikachanganyikiwa. Tuanzie wapi, tukae muda gani, na je, humo ndani kuna vitu vya kumtia mama aibu?"

Mfikishie mama shikamoo yangu, dada, na mumeo mwambie soko halihami.

Naanza na kilichokuchanganya. Jumba lile linamiliki picha za kuchorwa zaidi ya 2,300, na hizo zilizotundikwa tu hamtazimaliza hata mkihamia. Msijaribu. Mimi niliwahi kujaribu ujanani, katika jumba moja kubwa la Ulaya nisilolitaja. Niliingia wanafungua, nikatoka wanafunga. Usiku kaka yangu akanipigia simu kuniuliza nimeona nini, nikabaki nikimhesabia malengelenge ya miguu. Tangu hapo kila mgeni ninayemwongoza nampa picha sita, saba akiwa na nguvu. Kwa mama yako nasema tano, na mbele ya kila moja mkae kitako.

Kukaa ndiko kwenyewe. Vyumba vingi vina mabenchi katikati, na watu huyapita wakikimbilia ukuta unaofuata. Ninyi yatumieni. Picha kubwa ilichorwa itazamwe kwa mbali, kwa hiyo mzee aliyekaa benchi hakosi kitu. Mara nyingi yeye ndiye anayeona vizuri kuliko kijana aliyesogeza pua karibu na fremu.

Sasa safari yenyewe. Kiingilio ni bure. Kinacholipiwa ni maonyesho maalumu ya muda, na hayo mwaweza kuyaacha bila kujuta. Wanapendekeza uchukue tiketi ya bure kwenye tovuti kabla ya kwenda. Si lazima, lakini foleni yake huwa fupi, na foleni ndiyo adui wa kwanza wa magoti. Hufunguliwa kila siku saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na Ijumaa hadi saa tatu usiku. Hufungwa tarehe 24 hadi 26 Desemba na tarehe 1 Januari. Jumamosi, Jumapili na likizo za shule ziepukeni kabisa. Ningekuwa mimi, ningechagua Ijumaa mchana: watoto wa shule wameanza kuondoka, na kwa kuwa kufunga ni usiku, hakuna wa kuwaharakisha. Ila tazameni masharti ya tiketi ya treni ya kurudi, maana tiketi nyingi za nafuu hazikubaliwi wakati wa msongamano wa jioni.

Na kwa kuwa mama yupo miezi miwili, mnunulie Senior Railcard, kadi ya punguzo la nauli ya treni. Ni ya mtu yeyote aliyefikisha miaka 60, hata mgeni mwenye pasipoti ya nje, nayo hupunguza theluthi moja ya nauli. Mkishatoka mara mbili tatu, imejilipa.

Treni ya Leicester inawashusha St Pancras. Msiingie chini ya ardhi. Kituo cha Charing Cross cha treni za chini, kilicho karibu kabisa na jumba, kina ngazi ambazo simtakii mama. Pandeni basi namba 91 hapo nje, linakwenda mpaka Trafalgar Square, na mabasi ya London sakafu yake iko chini na yana njia ya kiti cha magurudumu. Hawapokei fedha taslimu; mtagusisha kadi ya benki, na kila mtu awe na kadi yake. Mkae upande wa dirisha. Hiyo nayo ni matembezi.

Mlango mkubwa siku hizi ni wa jengo la upande liitwalo Sainsbury Wing, lililofunguliwa upya Mei 2025 baada ya matengenezo marefu. Hauna ngazi za nje, na ndani kuna lifti. Upo pia mlango wa Getty, nao hauna ngazi. Zile ngazi za katikati zenye nguzo, ambazo kila mtu hupiga nazo picha, waachieni vijana. Jambo zuri la jumba hili ni kwamba sehemu kubwa ya picha iko ghorofa moja. Mkishapanda lifti mara moja, kazi ya kupanda imekwisha. Ukiona mama anaanza kushika kiuno, omba kiti cha magurudumu kwa wahudumu. Wanaazima bure. Najua mama zetu, atakataa. Mwambie ni cha kuwekea mkoba.

Tukizungumza mkoba: mizigo mikubwa hairuhusiwi, na mifuko hukaguliwa mlangoni. Tangu Oktoba 2024 walizuia pia vinywaji na vitu vya majimaji, isipokuwa maziwa ya mtoto na dawa. Ile chupa ya chai ya tangawizi, basi, imalizeni nje, hata kama mlinzi atakuwa na huruma. Sababu yake ni kwamba mwaka 2022 wanaharakati wa mazingira waliimwagia supu ya nyanya picha ya alizeti ya Van Gogh, na mwaka 2024 ikatokea tena. Picha ilinusurika kwa kuwa ina kioo mbele. Masharti kama haya hubadilika, yapitieni kwenye tovuti siku moja kabla. Siku hiyo hiyo tafuta na zile picha tano, moja moja. Kila picha ina ukurasa wake unaoonyesha iko chumba namba ngapi, au kwamba kwa sasa haijatundikwa. Andika namba kwenye karatasi. Mimi sikupi namba kwa sababu wanahamisha picha, na nisingependa umzungushe mama kwa ajili ya kumbukumbu zangu.

Picha zenyewe, kwa mpango ningeufuata mimi.

Ya kwanza iko upande wa Sainsbury. Ni picha ndogo ya mume na mke iliyochorwa na Jan van Eyck mwaka 1434. Mume ni mfanyabiashara wa Kiitaliano wa ukoo wa Arnolfini, aliyeishi Bruges katika Ubelgiji ya leo. Urefu wa picha ni sentimita 82 tu, na mara nyingi pana watu mbele, kwa hiyo hii moja mama itabidi asimame kidogo. Usimsomee kibao cha maelezo. Muulize tu: "Mama, unaona nini humu?" Kisha nyamaza.

Nimewapeleka mabibi wa pwani mbele ya picha hii zaidi ya mara moja, na huwa hawana haja ya mwalimu. Wanaona viatu vya mbao vilivyovuliwa pembeni na kusema mitalawanda. Wanaona zulia karibu na kitanda. Wanaona machungwa dirishani, ambayo katika nchi ile ya baridi yalikuwa tunda la wenye fedha. Kisha macho yanafika kwenye kioo cha mviringo ukutani, na kando ya kioo kuna shanga zinaning'inia. "Tasbihi hiyo!" Ndiyo, ni tasbihi, ya Kikristo. Ndani ya kioo chenyewe mnaonekana migongo ya mume na mke, na mbele yao watu wawili wadogo wanaingia mlangoni. Wamesimama pale pale mliposimama ninyi. Juu ya kioo mchoraji ameandika kwa Kilatini kwamba Jan van Eyck alikuwa hapa. Mama atauliza kama yule mwanamke ni mjamzito. Kila mtu huuliza. Wataalamu wengi wanasema hapana, ameshika mbele gauni lake zito kama mitindo ya wakati ule ilivyotaka. Mama akikataa, usibishane naye.

Ya pili ni kubwa, mita mbili kwa mbili hivi: mabwana wawili wa Kifaransa waliochorwa London mwaka 1533 na Hans Holbein. Inaitwa Mabalozi. Katikati yao pana meza ya ghorofa mbili, juu imefunikwa zulia la Kituruki, na imejaa vyombo vya kupimia jua na nyota, tufe la dunia, vitabu, na ala ya nyuzi ambayo uzi wake mmoja umekatika. Ala hiyo ni ndugu wa udi. Ilifika Ulaya kutoka kwa Waarabu, na hata jina lake la Kizungu limetoka kwenye neno hilo hilo. Kwa mtu wa Tanga aliyekulia kwenye taarabu za Black Star na Lucky Star, hapo pana mazungumzo ya robo saa. Chini sakafuni kuna kitu kama mfupa uliolala mshazari, hakieleweki. Mchukue mama pole pole hadi upande wa kulia kabisa, karibu na ukuta, kisha mtazame nyuma. Kile kitu kitajikusanya na kuwa fuvu la mtu. Wasomi wameandika mengi kuhusu fuvu hilo. Mama atasema "kila nafsi itaonja mauti," na atakuwa amemaliza.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya nikuandikie kwa urefu hivi. Mchoraji ni Claude Lorrain, Mfaransa aliyeishi Roma, na mwaka ni 1648. Ni bandari asubuhi. Kushoto nguzo kubwa za kale, kulia jumba lenye ngazi pana, mbele watu wanapakia masanduku kwenye mashua. Kwenye ngazi kundi dogo la watu linashuka, na mmoja wao ni Malkia wa Saba akianza safari ya kwenda kwa Nabii Suleiman. Mwambie mama kwamba huyu ni Bilqis. Hadithi anaijua, imo katika Surat An-Naml, na pengine atakusimulia yeye mambo ambayo wewe umeyasahau tangu chuoni: hudihudi, barua, na kiti cha enzi. Mjue tu kwamba malkia mwenyewe ni mdogo mno pichani, na Claude hakujali sana. Alichokijali ni jua. Amelichora lenyewe, katikati, chini karibu na bahari, na njia ya mwanga inakuja juu ya maji moja kwa moja kwa anayetazama. Wachoraji wengi waliomtangulia walionyesha mwanga bila kuthubutu kulionyesha jua. Mtu aliyeamka miaka sabini akiliona jua likitoka Bahari ya Hindi ndiye hasa wa kusema kama Claude alipatia.

Kaeni hapo muda mrefu kuliko pengine pote. Picha hii ni miongoni mwa zile 38 za mwanzo kabisa, ambazo serikali ya Uingereza ilizinunua mwaka 1824 kwa pauni 57,000 kutoka katika mali ya marehemu John Julius Angerstein, na ndizo zilizoanzisha jumba. Bwana huyu alitajirika kwa bima za meli, na jina lake limo pia katika kumbukumbu za mashamba ya watumwa huko Karibi. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana kwamba nyumba nzuri zaweza kujengwa kwa fedha za aina gani. Nalitaja kwa sababu mama anaweza kuuliza walipata wapi fedha ya haya yote, na ni haki yake ajibiwe.

Halafu tazameni kando yake. Mchoraji wa Kiingereza, Turner, aliipenda picha hii kiasi cha kuchora bandari yake mwenyewe mwaka 1815, Malkia Dido akijenga Carthage, jua katikati vile vile, majengo kushoto na kulia. Katika wosia wake aliliachia taifa picha mbili, hiyo na nyingine moja, kwa sharti kwamba zitundikwe pamoja na mbili za Claude. Alikufa mwaka 1851, na sharti lake linaheshimiwa hadi leo. Ni ushindani wa malenga wawili ambao hawakuwahi kuonana, kwani Claude alikufa mwaka 1682. Mwache mama awe mwamuzi. Mimi nampa Claude, lakini nimeshapingwa na watu ninaowaheshimu.

Ya nne ni picha mbili za mtu mmoja. Rembrandt wa Amsterdam alijichora mwaka 1640 akiwa na miaka 34, amevaa manyoya na mahameli, kiwiko amekiegemeza kama mtu aliyefanikiwa. Alijichora tena mwaka 1669 akiwa na miaka 63, amekunja mikono, uso umevimba kidogo, macho yamechoka lakini hayakwepi. Katikati hapo alifiwa na mke na akafilisika. Mwaka huo wa 1669 ndio aliokufa. Angalieni kijana kwanza, kisha mzee. Hapa sina la kuongeza, na wewe usiongeze.

Ya tano ni ya Turner tena: meli ya kivita Temeraire ikikokotwa kwenda kuvunjwa, ya mwaka 1839. Meli hiyo ilipigana Trafalgar mwaka 1805, vita ile ile ambayo uwanja wa nje umepewa jina lake, na yule aliyesimama juu ya nguzo ni kamanda wao, Nelson, aliyekufa humo. Mwaka 1838 Temeraire ilikokotwa Mto Thames hadi Rotherhithe ikauzwe mbao. Turner ameichora nyeupe kama mzimu, milingoti yote juu, mbele yake kijimeli cheusi cha mvuke kinafuka moto, na jua linazama. Kwa kweli milingoti ilikuwa imeshang'olewa, na vijimeli vya kukokota vilikuwa viwili. Hakuwa anaandika taarifa ya bandari. Picha hii hakukubali kuiuza maisha yake yote. Kabla hamjaingia chumba chake, mpe mama noti ya pauni 20 aishike. Upande mmoja yuko Turner mwenyewe, na upande huo huo, nyuma ya mgongo wake, meli hiyo hiyo. Kisha muingie.

Baada ya hapo mama akiwa bado na nguvu, alizeti za Van Gogh za mwaka 1888 hazikosi umati, lakini rangi yake ya manjano huonekana hata juu ya vichwa vya watu. Na kama mkipita njiani mkamwona farasi mkubwa wa kahawia, karibu mita tatu kwenda juu, bila uwanja wala mbingu nyuma yake, huyo ni Whistlejacket wa George Stubbs. Babu wa farasi huyo alikuwa wa Kiarabu. Wenye watoto wawapeleke kwanza kwa huyo.

Sasa hilo la aibu. Ndiyo, picha za watu watupu zimo, na nyingine ni kubwa. Wachoraji wa Italia wa karne ya 16 walipenda hadithi za miungu wa kale, na miungu hao hawakuwa na desturi ya kuvaa. Misalaba na picha za Isa na Maryam zimo kwa mamia, hasa upande wa Sainsbury. Picha tano nilizokuchagulia hazina uchi wa kumstua mama, lakini njiani mtapishana na baadhi. Mwambie mapema, mkiwa bado kwenye treni, si pale chumbani. Mtu aliyeambiwa hageuki kwa mshangao, hugeuka kwa hiari yake. Bibi mmoja niliyemwongoza alipita chumba kizima macho chini, na mwishoni akaniambia vitambaa vilivyotupwa sakafuni vimechorwa vizuri sana. Kwa hiyo usimhukumie.

Kuhusu swala, Leicester hadi London ni kama maili mia moja, na hukumu ya msafiri mama anaijua kuliko mimi. Akitaka kuswali jamaa, msikiti mkubwa uko Regent's Park, upande wa kaskazini, teksi ya muda mfupi.

Muda wa ndani: saa moja na nusu, kisha chai kwenye mkahawa wa humo humo, kisha nusu saa kwa Temeraire ikiwa mliibakiza. Chakula hakiliwi vyumbani. Kupiga picha kunaruhusiwa kwa mkusanyiko wa kudumu bila mwanga wa flashi, ila nakushauri simu uitoe mwishoni, mkiwa mmeshatazama.

Na dukani, wakati wa kutoka, kadi za posta za picha maarufu hupatikana. Mnunulie ile ya bandari ya Bilqis kama ipo, na mbili za ziada. Atakaporudi Tanga ataulizwa na majirani, na kadi moja atagawa siku ya kwanza.